Simu ya batani au ya kupangusa? Soma hii kabla hujatoa hela yako

Kuna swali ambalo haliishi kwenye maduka ya simu. Mteja kashika simu ya kioo, anaigeuzageuza, halafu anamuuliza muuzaji kama zile za batani bado zipo. Haulizii kitochi. Anataka zile zenye herufi zote, kama BlackBerry. Mara nyingi anayeuliza ni mtu wa kuandika sana: katibu wa vikoba anayetuma taarifa ndefu kwenye grupu, mwalimu, wakala, au mama ambaye vidole vyake na kioo havielewani kabisa.

Wauzaji wengi humjibu kwamba hizo zimepitwa na wakati, basi, yakaisha. Hilo ni jibu la haraka. Batani zina faida za kweli ambazo kioo hakijaweza kuziziba mpaka leo. Shida ni kwamba wapo watu wanaozitafuta kwa mapenzi, wanazipata kwa bei nzuri, halafu wakifika nyumbani wanagundua wamenunua simu ambayo haifungui WhatsApp. Hela imeenda.

Msimamo wetu tunauweka wazi mapema: kwa watu wengi, simu kuu iwe ya kupangusa, tena iliyochaguliwa kwa makini. Batani za herufi zote zinamfaa mtu mmoja mmoja mwenye sababu maalumu. Na kitochi cha kawaida, kile cha namba, bado ni simu ya pili bora kuliko watu wanavyokubali. Sababu zake ni hizi.

Batani zilipotelea wapi

Kampuni ya Research In Motion ya Waterloo, Canada, ilianza kuuza kifaa chenye jina la BlackBerry mwaka 1999. Hakikuwa simu hata kidogo, kilikuwa kidude cha kupokea na kutuma barua pepe, kina vibatani vidogo vya kubonyeza kwa vidole gumba. Baadaye kikawa simu, na hiyo simu ikawa alama ya ubosi. Barack Obama alipoingia Ikulu ya Marekani Januari 2009, alipambana na watu wa usalama mpaka akaruhusiwa kubaki na yake.

Huku kwetu tuliikuta kupitia Curve 8520, na kupitia Nokia zilizofuata mtindo uleule: E63, E71, kisha familia ya Asha. Ukiwa na BlackBerry ulikuwa unampa mtu PIN ya BBM badala ya namba ya simu. Vijana waliozaliwa juzi hawatatuelewa.

Tarehe 9 Januari 2007, Steve Jobs alipoitambulisha iPhone, aliwaonyesha watu simu janja za wakati ule zenye batani na kuzipinga kwa hoja moja rahisi. Batani za plastiki ziko palepale, uzihitaji usizihitaji. Ukitazama video zipo. Ukisoma ramani zipo. Zinakula karibu nusu ya uso wa simu muda wote. iPhone ya kwanza ilikuwa na kioo cha inchi 3.5. BlackBerry Bold 9900, iliyotoka miaka minne baadaye, ilikuwa na inchi 2.8.

Kitu ambacho wengi wamesahau ni kwamba hata Android ilianza na batani. Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream ya mwaka 2008, ilikuwa na kibodi ya kuteleza inayotokea chini ya kioo. Lakini watengenezaji waliona mapema kwamba kioo kitupu ni rahisi kuunda, kinafaa nchi yoyote na lugha yoyote, na hakina vipande vya kulegea. Bei ikaanza kushuka. Mwaka 2011 Huawei IDEOS iliingia Kenya kwa kama shilingi 8,000 za huko, na kwa wengi ndiyo ilikuwa simu ya kwanza ya kupangusa mkononi. BlackBerry bado ilikuwa na watumiaji kama milioni 80 duniani mwaka 2012, ila safari ilishaisha. Septemba 2016 kampuni ilitangaza kuacha kutengeneza simu zake yenyewe.

Batani zinajua nini ambacho kioo hakijui

Jambo la kwanza ni kidole kujua kilipo bila jicho kusaidia. Chukua kitochi chochote upapase namba 5. Utakuta kinundu. Kile kinundu hakiko pale kwa urembo. Kinamwambia kidole gumba kwamba hapa ni katikati, zilizobaki zihesabu mwenyewe. Mtu asiyeona anapiga namba kwa hicho kinundu. Bodaboda aliyesimama kando ya barabara usiku anafanya hivyohivyo, na hata wewe ukiwa kitandani taa imezimwa.

Kioo hakina kinundu. Ni uso mmoja laini, na lazima utazame.

Halafu kuna maji, na hapa inabidi tuelezane kidogo kioo kinavyofanya kazi. Vioo vya simu za leo havisikii mgandamizo. Vinasikia umeme mdogo wa mwili wako. Chini ya kioo kuna tabaka jembamba lenye chaji ya umeme, na kidole kikigusa kinabadilisha ile chaji mahali pale, simu inajua umegusa wapi. Ndiyo maana ukibonyeza kwa kucha au kwa glovu ya kawaida hakuna kinachotokea. Na ndiyo maana maji yanaivuruga simu: tone la maji nalo linapitisha umeme, simu inaanza kudhani ina vidole sita. Simu za Kichina za zamani, zile zilizokuja na kijiti chake, zilikuwa za aina nyingine. Zile zilihitaji kukandamizwa kweli, hata kwa kalamu, lakini zilikuwa nzito kutumia na zilishaachwa.

Sasa mfikirie muuza samaki wa Feri, Dar es Salaam, mikono ina maji na magamba kuanzia alfajiri. Au mama ntilie aliyetoka kukanda unga. Au fundi rangi. Mteja anataka kulipa kwa simu, wewe unataka kuona salio limeingia au halijaingia, na kioo kinaruka kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine peke yake. Kitochi unakifuta kwenye kanga, unabonyeza *150*00# na maisha yanaendelea. Hiyo menyu ya M-Pesa ya Vodacom, kama ilivyo *334# ya Safaricom kule Kenya, haijali simu yako ni ya shilingi ngapi, na haihitaji bando.

Alama ya kidole nayo ina mgogoro wake. Watu wa zege, wakulima, wanaofua nguo nyingi kwa mikono, ngozi ya vidole inasagika na simu inawakataa kila mara. Ukiwa mmoja wao usichague simu kwa sababu muuzaji amekusifia sensa ya kidole. Utaishia kuandika PIN kama zamani.

Faida ya tatu ya kibodi ya batani wengi hawaifikirii. Ukiandika kwenye simu ya kupangusa, kibodi inapanda na kula karibu nusu ya kioo. Ile barua unayoijibu huioni vizuri. Kwenye simu ya batani kioo chote kinabaki kwa ajili ya maandishi. Kwa mtu anayejibu barua pepe arobaini kwa siku, hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika.

Lakini nani anaandika haraka?

Mashabiki wa batani hapa huwa wanapandisha sauti. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto cha Finland, Cambridge cha Uingereza na ETH Zürich cha Uswisi walitoa matokeo ya kupima uandishi wa watu zaidi ya 37,000 kwenye simu za kupangusa. Wastani ulikuwa maneno 36 hivi kwa dakika. Waliotumia vidole gumba viwili walifika kama 38, kasi ambayo ni pungufu kwa robo tu ukilinganisha na kibodi kubwa ya kompyuta. Kuna aliyefika maneno 85. Vijana wa miaka 10 hadi 19 waliwaacha watu wa umri wa wazazi wao kwa karibu maneno 10 kwa dakika.

Kwa hiyo kioo si cha polepole kama tunavyodhani. Kinachokuchelewesha ni mazoea, na mipangilio.

Utafiti uleule uligundua kitu kizuri: kusahihishiwa maneno kunaongeza kasi, lakini kuchaguachagua yale maneno yanayopendekezwa juu ya kibodi kunapunguza. Muda unaotumia kuyasoma na kufikiria ungeshamaliza kuandika.

Ila wale walipimwa kwa Kiingereza. Sisi tunaoandika Kiswahili tuna ugomvi wetu na kibodi. Kama simu yako imewekwa Kiingereza peke yake, yenyewe inaona neno "sana" ni kosa la kiuandishi, na inakurekebishia bila kukuuliza. Unamwandikia mkwe ujumbe wa heshima, unatua umegeuka vichekesho. Watu wengi wakichoka wanazima usahihishaji wote, halafu wanasema kioo hakifai.

Dawa yake ni dakika mbili. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta lugha na kibodi, fungua Gboard (ndiyo kibodi ya Google iliyopo kwenye Android nyingi), ongeza Kiswahili, na Kiingereza kiache pia kama unachanganya. SwiftKey nayo ina Kiswahili. Baada ya hapo itumie wiki mbili bila kuizima. Inajifunza majina ya ndugu zako, mtaa wako, hata misemo yako. Ile alama ya ng' ndiyo bado inasumbua, kwa sababu kwenye kibodi nyingi imefichwa ukurasa wa pili. Kwenye BlackBerry nayo ilihitaji kubonyeza vitufe viwili, kwa hiyo hapo ni sare.

Tuseme ukweli mwingine: mpangilio wa QWERTY ulibuniwa Marekani miaka ya 1870 kwa ajili ya mashine za taipu na lugha ya Kiingereza. Kiswahili sanifu hakina kazi na Q wala X, ilhali A, ambayo tunaitumia karibu kila silabi ya pili, imesukumwa pembeni kabisa. Kwenye batani za plastiki mpangilio huo ni wa kudumu.

Na wapo ambao hawaandiki tena kabisa. Google iliingiza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti Agosti 2017: unabonyeza picha ya maiki kwenye kibodi, unaongea, maneno yanajiandika. Inakosea majina, inakosea ukiongea kimtaa sana, lakini kwa ujumbe mrefu inaokoa vidole. Wengine wamehamia kwenye meseji za sauti za WhatsApp moja kwa moja, jambo ambalo tunaomba lisizidi dakika moja, tafadhali.

Mtego wa BlackBerry ya mtumba

Hapa ndipo hela za watu zinapotea, kwa hiyo soma taratibu.

Ukitafuta simu ya herufi zote leo, mtandaoni au kwenye meza za simu za mtumba, utakachokipata kwa bei ya kuvutia ni BlackBerry za zamani. Curve, Bold, Q10, Passport. Kwa nje zinaweza kuwa safi kabisa. Betri imebadilishwa, kava jipya, batani zinalia vizuri. Muuzaji anaiwasha mbele yako, inawaka, unaona menyu. Unalipa.

Tatizo liko ndani. WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye mifumo ya BlackBerry mwishoni mwa 2017. BBM ya watu wa kawaida ilifungwa Mei 31, 2019. Halafu Januari 4, 2022, kampuni yenyewe ilizima huduma za BlackBerry 7.1 na zilizotangulia pamoja na BlackBerry 10, ikaonya kwamba kwenye simu hizo intaneti, kupiga simu na hata SMS havitakuwa vya kutegemewa tena. Hii siyo simu iliyozeeka. Ni simu ambayo mama yake ameshafariki.

Zile za zamani zaidi, kama Curve 8520, hazina hata 3G. Ziko kwenye mtandao wa 2G pekee. Na enzi zake zilihitaji kifurushi maalumu cha BlackBerry kutoka kwa kampuni ya simu ndipo intaneti ipite. Kwa hiyo akikwambia "weka bando tu itafunguka", mwambie aweke yeye kwanza.

Zipo BlackBerry za batani ambazo hazikuguswa na kufungwa huko, kwa sababu ndani ni Android: Priv ya 2015, KEYone ya 2017 na KEY2 ya 2018, hizi mbili za mwisho zikitengenezwa na TCL. Hizi zinafanya kazi. Ila KEY2, ambayo ndiyo mpya kuliko zote, iliishia Android 8.1, na TCL iliacha kuuza simu za BlackBerry Agosti 2020. Maana yake hakuna masasisho ya usalama, na vipuri unategemea simu nyingine iliyokufa ichinjwe. WhatsApp bado ilikuwa inakubali Android 5 na kuendelea kufikia 2025, kwa hiyo kuchati utachati. Kuweka programu ya benki yenye akiba yako kwenye simu isiyozibwa matundu ya usalama kwa miaka kadhaa ni hadithi nyingine, na sisi tusingefanya hivyo. Baadhi ya programu za benki zitaikataa simu yenyewe.

Njia ya kujua ni moja. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aweke laini yako, awashe data, na apakue WhatsApp kutoka dukani mwake hapohapo mbele yako mpaka ikutumie namba ya uthibitisho. Ile iliyokwisha kuwekwa siku nyingi usiihesabu. Akianza kusema mtandao leo unasumbua, rudisha hela mfukoni.

Mpya zenye batani je?

Zipo, chache. Unihertz, kampuni ya China, imekuwa ikitoa simu za Android zenye kibodi ya herufi kwa jina la Titan. Ya kwanza ilikuwa na uzito wa gramu zaidi ya 300, ukiiangushia mguuni utachechemea. Zikafuata Titan Pocket yenye kioo cha inchi 3.1, Titan Slim, na mwaka 2025 Titan 2, yenye kioo cha mraba cha inchi 4.5, mfano wa BlackBerry Passport. Upande wa iPhone kuna Clicks, kava lenye kibodi lililotoka mwaka 2024. Unaichomeka simu yako ndani yake na batani zinatokea kwa chini. Simu inakuwa ndefu kama rimoti ya king'amuzi.

Kama kazi yako kweli ni maandishi na hela ipo, hizi ndizo za kufikiria. Lakini jua unaagiza nje, kuna kodi, na siku kioo kikipasuka fundi wa Kariakoo hana hicho kioo. Dirisha la mraba pia halipendi video wala michezo, na programu nyingine zinakatwa pembeni. Uliza pia kama masafa yake ya 4G yanalingana na ya kampuni yako ya simu. Simu iliyotengenezewa soko lingine inaweza kushika 4G mjini na kuporomoka kijijini.

Kuna na kundi la katikati, vitochi janja vinavyotumia mfumo wa KaiOS, kama Smart Kitochi ambayo Vodacom Tanzania iliingiza sokoni mwaka 2019. Wazo lilikuwa zuri sana: namba za batani, betri ya kukaa, na WhatsApp ndani. Lakini WhatsApp iliondolewa kwenye duka la KaiOS katikati ya 2024, na kwa waliokuwa nayo tayari ikafikia mwisho mwanzoni mwa 2025. Bado utakutana na maboksi yaliyoandikwa WhatsApp kwa herufi kubwa. Usinunue kwa sababu hiyo.

Ukiamua ya kupangusa

Kitu cha kwanza kuuliza ni kile ambacho karibu hakuna anayeuliza: simu hii itapata masasisho ya usalama mpaka lini? Tumeona hapo juu kilichozika BlackBerry. Hazikufa batani, ulikufa mfumo, na simu yako ya kioo inaweza kufa kifo hichohicho. Google iliahidi miaka 7 kuanzia Pixel 8. Samsung iliahidi 7 kwa Galaxy S24, na ilipotoa Galaxy A16 mwaka 2024 iliahidi miaka 6, jambo la nadra kwa simu ya bei ya kawaida. Simu nyingi za bei ya chini zinapata kama miaka miwili au hata pungufu. Simu ya bei nafuu leo inayokulazimisha kununua nyingine baada ya miaka miwili, piga hesabu yake mwenyewe.

La pili ni ujanja wa RAM. Boksi limeandikwa 8GB. Chini yake, kwa maandishi ya sisimizi, imeandikwa 4GB + 4GB. Ile nne ya pili siyo RAM. Ni sehemu ya uhifadhi wa simu iliyoazimwa ifanye kazi ya RAM, na ni ya polepole sana ukilinganisha. Wewe hesabu 4GB. Kwa matumizi ya WhatsApp, mitandao ya kijamii na programu za pesa, 4GB halisi ndiyo chini ya yote, na uhifadhi tunashauri 128GB kama mfuko unaruhusu. Simu ya 32GB inajazwa na magrupu ya harusi na misiba ndani ya miezi.

Kamera utaijaribu mwenyewe, usihesabu megapikseli. Piga picha ndani ya duka penye giza, sio mlangoni kwenye jua, kila kamera ni nzuri kwenye jua.

Ulizia bei ya kioo kabla ya kununua simu. Nenda kwa fundi, mtajie modeli, mwulize kubadilisha kioo chote na disple yake ni kiasi gani, na kama anacho. Kwa simu za bei ya chini gharama inaweza kukaribia nusu ya bei ya simu. Kama fundi wa kwanza na wa pili wanakuna kichwa, hiyo modeli iache. Kava na protekta nunua siku hiyohiyo, maana simu nyingi huanguka wakati bado unajiambia utanunua mwisho wa mwezi.

Kisha bonyeza *#06#. Itatokea IMEI, namba ya tarakimu 15. Lazima ifanane na iliyoandikwa kwenye boksi. Tanzania unaituma kwa SMS kwenda 15090, Kenya kwenda 1555, unajibiwa simu ni ya aina gani. Jibu likitaja modeli tofauti na uliyoishika, ondoka. Usione ni usumbufu: usiku wa kuamkia Juni 17, 2016, TCRA ilizizima simu feki nchini, na Kenya ilishafanya hivyo mwishoni mwa Septemba 2012. Waliokuwa nazo hawakurudishiwa hela na mtu.

Kwa simu ya mtumba ongeza jambo moja. Akaunti ya Google au ya Apple ya mwenyewe wa zamani iwe imetolewa. Mwambie muuzaji airudishe simu mwanzo kabisa mbele yako, na uingize akaunti yako hapohapo dukani. Ikidai barua pepe usiyoijua, simu hiyo ama imeibwa ama itakuja kuwa tofali.

Simu ya mzazi

Wengi wanaouliza kuhusu batani kwa kweli wanamnunulia mzazi. Hapa usikurupuke. Kama bibi anahitaji kupiga, kupokea na kutoa pesa kwa wakala, kitochi kipya chenye batani kubwa, tochi na betri ya siku kadhaa kitamfaa kuliko simu ya kioo atakayoiogopa. Mkononi mwake pia ni vigumu kutapeliwa kwa linki, kwa sababu hakuna pa kubonyeza linki. Matapeli wa kupiga simu bado watampigia, hilo mkae mzungumze naye.

Kama anataka kuwaona wajukuu kwa video, hapo hakuna njia nyingine, ni kioo. Lakini kiandae. Ongeza ukubwa wa maandishi, ondoa programu asizotumia, na kwenye Samsung washa ile hali rahisi inayokuza kila kitu. Wazee wengi hawagusi, wanakandamiza na kushikilia, simu inadhani wanataka kufuta au kuhamisha kitu. Kwenye sehemu ya ufikivu ndani ya mipangilio kuna muda wa kugusa na kushikilia. Uongeze uwe mrefu. Hilo moja linaweza kupunguza nusu ya simu anazokupigia kukwambia "imepotea tena."

Kwa asiyeona au mwenye uoni hafifu, Android ina TalkBack inayosoma kila kilicho chini ya kidole, na tangu 2020 ina kibodi ya breli ya kugusa kwenye kioo. Inahitaji mazoezi, tena na mtu wa kumkalisha kitako wiki kadhaa. Mpaka azoee, kitochi chenye kinundu kwenye 5 kisitoke mfukoni mwake.

Na kwa wewe unayefanya biashara, fikiria simu mbili: ya kupangusa kwa WhatsApp na picha za mzigo, na kitochi chenye laini ya pesa. Bando likiisha, kioo kikipasuka, chaji ikikata saa kumi jioni au kibaka akipita na ile kubwa kwenye daladala, laini yenye hela ya mtaji iko kwenye simu ambayo hakuna anayeitamani. Weka PIN kwenye laini yenyewe pia, siyo kwenye akaunti ya pesa peke yake, na usiache 1234.

Ukishalipa, dai risiti ya EFD yenye modeli na IMEI imeandikwa juu yake, sio karatasi ya daftari. Warantii bila IMEI kwenye risiti, siku ya kubishana utakuwa peke yako.